Nasaba, Mchoro na Daftari

Kuna mambo mawili ambayo hapana jamii ya watu iliyoweza kuyaendesha bila ya kujua nani kazaliwa na nani: ndoa na mirathi. Mtu atakaye kuoa hana budi ajue yupi ni halali yake na yupi ni maharimu. Na mtu afapo, mali yake haigawanyiki mpaka wajulikane waliobaki nyuma yake na daraja ya kila mmoja wao. Kwa sababu hiyo elimu ya nasaba ni kongwe kuliko maandishi. Ilikaa kwanza katika vifua vya wazee, ikahamia katika karatasi, ikatiwa katika michoro, na katika zama hizi imeingia katika mashine. Kila ilipohama ilichukua mizigo mingi, lakini kila mara palikuwa na kitu kilichoachwa njiani. Historia ya mchoro wa ukoo ni historia ya vilivyochukuliwa na vilivyoachwa, na miongoni mwa vilivyoachwa, aghalabu wa kwanza huwa ni mama.

Watu wa Ulaya waliufananisha ukoo na mti. Katika zama za kati makanisa yao yalichorwa picha ya Yese, babake Daudi, amelala chini na mti unamea mwilini mwake, na katika matawi wamekaa wafalme mpaka kufika kwa Yesu. Wanasheria wa Kanisa nao walichora mti wa namna nyingine, wenye vyumba vilivyopangwa kwa daraja, ili kasisi aweze kuhesabu umbali wa udugu baina ya mwanamume na mwanamke waliotaka kuoana. Hesabu ile haikuwa ya mchezo. Mpaka mwaka 1215 ndoa ilikatazwa hata daraja ya saba. Ndipo Mtaguso wa Nne wa Laterani ulipoipunguza hata daraja ya nne. Waarabu pia waliita maandishi ya nasaba shajara, na maana yake ni mti. Waswahili walilipokea neno hilo, lakini katika maneno yao wenyewe hawakwenda msituni kutafuta mfano. Husema watu wa tumbo moja, au watu wa mlango mmoja. Mfano wao wa kwanza ni mwili wa mama na wa pili ni nyumba. Na mifano hii miwili, kama itakavyoonekana, ina hekima ambayo mti hauna.

Kasoro ya mti ni kwamba matawi yake hayarudi kukutana. Mwaka 1590 mwanahistoria wa Austria, Michaël Eytzinger, alichapisha njia ya kuwapa wazee namba badala ya kuwachora. Jerónimo de Sosa wa Hispania aliitumia mwaka 1676, na Stephan Kekule von Stradonitz wa Ujerumani akaieneza tangu mwaka 1898. Njia yenyewe ni nyepesi na ya ajabu. Mwenye nasaba ni namba 1. Baba wa mtu yeyote hupata namba ya mtu huyo mara mbili, na mama hupata namba hiyo mara mbili na kuongezwa moja. Basi baba ni 2, mama ni 3, babu wa upande wa baba ni 4, na babu wa upande wa mama ni 6. Mtu akitajiwa namba 13 huweza kujua papo hapo, bila mchoro wowote, kwamba huyo ni mama wa namba 6, yaani mama wa babu yake mzaa mama.

Lakini watoto wa ndugu wawili wakioana, kama ilivyopendwa sana katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, namba hizi huanza kusema uongo. Mtoto wa ndoa hiyo ana babu wawili waliozaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Mzee yule mmoja atakuwa namba 8 kwa njia ya baba na namba 12 kwa njia ya mama; mkewe atakuwa 9, tena atakuwa 13. Nafasi ni 8, lakini watu ni 6. Hapo mti umekwisha kuwa wavu. Nyumba ingeweza kulistahimili jambo hili, kwa sababu mtu huweza kuingia nyumba moja kwa milango miwili. Tawi la mti haliwezi.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19, wakati wataalamu walipotaka kuzipima nasaba za mataifa yote kwa kipimo kimoja. Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa jimbo la New York, alipeleka orodha ya maswali zaidi ya 200 katika pande nyingi za dunia, na mwaka 1871 akatoa kitabu kikubwa juu ya majina ya udugu. Alitambua kuwa kuna lugha zinazomtenga baba na nduguze, na kuna lugha zinazowaweka pamoja. Mswahili ajua jambo hili bila ya kusoma Morgan: nduguye baba, mume, si mtu mwingine, ni baba, ila ni baba mkubwa au baba mdogo, dadake mama ni mama mkubwa au mama mdogo, bali dadake baba ni shangazi, na kakake mama ni mjomba. Majina haya si pambo la adabu tu. Yanaonyesha nani ana haki ya kumuonya mtoto, nani atamlea akifiwa, na kwa nani atapata deko.

Miaka 27 baada ya kitabu hicho, mwaka 1898, msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge chini ya Alfred Cort Haddon ulifika katika visiwa vya Torres Strait, baina ya Australia na New Guinea. Ndani yake alikuwamo tabibu mmoja, W. H. R. Rivers. Rivers alitambua kuwa majina ya udugu ya wenyeji yatamchanganya, kwa kuwa mtu mmoja huweza kuwaita watu wengi baba. Akakata shauri la kuyaepuka. Aliuliza kwa maneno matano tu: baba, mama, mtoto, mume, mke, na alipouliza juu ya baba alimtaka yule aliyezaa hasa. Kwa maneno hayo matano alikusanya nasaba za visiwa vya Mer na Mabuiag, na katika makala zake za mwaka 1900 na 1910 akaifundisha njia yake kwa wengine. Majina ya wanaume aliyaandika kwa herufi kubwa, ya wanawake kwa herufi za kawaida. Mume aliwekwa kushoto, mke kulia. Waliomfuata walileta alama zinazojulikana leo na kila mwanafunzi wa elimu ya jamii: pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari miwili iliyolala kwa ndoa, mstari unaoshuka kwa uzazi.

Njia ya Rivers ilikuwa na nguvu, na hapana sababu ya kuibeza. Ilimwezesha mgeni kuzungumza na watu juu ya mambo mazito kwa kuwataja watu halisi badala ya kuuliza maswali ya hewani. Walakini Rivers mwenyewe aliona mahali ilipokwaruza. Katika kisiwa cha Mer desturi ya kulea watoto wa wengine ilikuwa imeenea sana, hata mtoto aliweza kukua bila ya kujua wazazi waliomzaa. Swali la nani aliyezaa hasa lilikuwa jepesi Cambridge. Pale Mer lilifunua siri ambayo wenyeji waliifunika kwa makusudi na kwa heshima.

Siri hiyo ilirudi mahakamani baada ya miaka 90. Eddie Koiki Mabo, mwenyeji wa Mer, pamoja na wenziwe walidai mbele ya sheria ya Australia kuwa ardhi ya kisiwa chao ni mali yao. Yeye alizaliwa na watu wengine akalelewa na Benny Mabo, na madai yake juu ya viwanja vya ukoo yalitegemea kulelewa huko. Ripoti za msafara wa 1898, pamoja na nasaba alizokusanya Rivers, zilitumika kuwa ushahidi. Mwaka 1990 jaji aliyechunguza mambo ya hakika hakuyakubali madai ya Mabo ya kurithi kwa njia hiyo. Mabo alifariki Januari 1992. Na tarehe 3 Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Australia iliamua kuwa watu wa Mer wana haki katika ardhi yao tangu zamani. Taifa zima lilipata kwa jina lake kile ambacho yeye mwenyewe, kama mtoto wa kulea, alikuwa amenyimwa. Mstari kwenye karatasi huweza kuwa mpaka wa shamba.

Afrika ya Magharibi ina mfano mwingine. Maofisa wa Kiingereza katika Nigeria waliandika nasaba za Wativ, kwa kuwa mashauri mengi barazani yalihukumiwa kwa nasaba. Baada ya kiasi cha miaka 40 Wativ waliyakataa maandishi yale, wakasema yamekosea. Waandishi hawakuwa waongo, na Wativ hawakuwa waongo. Nasaba ya Wativ ilikuwa ikisemwa upya kila kizazi ili ilingane na hali ya majirani na mapatano yao, bali karatasi ilibaki palepale. Katika Gonja, kaskazini mwa Ghana, mwanzoni mwa karne ya 20 ilisimuliwa kuwa mwanzilishi wa dola, Ndewura Jakpa, alikuwa na wana saba, kila mmoja na jimbo lake. Miaka 60 baadaye majimbo mawili yalikuwa yametoweka, na wana wakasimuliwa kuwa watano. Yaonekana kuwa nasaba ya mdomo husahau kwa utaratibu, na ya karatasi hukumbuka kwa ukaidi. Kila moja ina hatari yake.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na zote mbili, ya mdomo na ya karatasi, na ndipo swali la mama linapodhihirika. Habari za Kilwa zimefika kwa njia mbili kubwa: kwa kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, na kwa maandishi ya Kiarabu yaliyochapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Zote mbili zamtaja mwanzilishi aliyetoka Shiraz, kisha zafuata orodha za watawala, mtu na babake. Barros peke yake alihifadhi neno juu ya mama: ati Ali, aliyeianzisha Kilwa, alidharauliwa na nduguze kwa kuwa wao mama yao alikuwa wa ukoo bora wa Kiajemi, na yeye mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Baada ya hapo majina ya kike hupotea katika msururu wa bin na bin.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana: wengine waliuamini usemi wa Shiraz, wengine walisema ni hadithi ya kujitukuza. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya pwani baina ya takriban mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kuwa wengi wao walikuwa na asili mbili zilizoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000: asili ya Afrika, iliyotoka zaidi kwa wanawake na mara nyingi kupita nusu, na asili ya Asia, iliyotoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Basi nasaba hazikusema uongo juu ya baba. Zilinyamaza juu ya mama. Watu waliosoma ukimya ule kana kwamba ni habari kamili ndio waliodanganyika, na katika kudanganyika kwao waliiona miji ile kuwa kazi ya wageni watupu.

Ukimya kama huo uliwafunika wengine pia. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe wanne walitawala Unguja mmoja baada ya mwingine: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Katika orodha ya masultani wao ni kama matawi manne yaliyo sawa. Ila Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, aliwataja kina mama: masuria wa Kicherkesi, wa Kihabeshi na wengineo. Kwake jumba la mfalme halikuwa mti wenye shina moja, bali ua wenye kina mama wengi, kila mmoja na wanawe, lugha yake na marafiki zake. Na upinzani baina ya ndugu hausomeki bila ya kujua mama zao. Walio chini zaidi hawakuwa hata na mwandishi wa kuwataja. Methali yasema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini watumwa wengi hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, uhuru ulirudi, bali majina ya mababu hayakurudi.

Nasaba huweza pia kugeuzwa silaha. Katika Ujerumani ya Wanazi, baada ya sheria za Nuremberg za Septemba 1935, haki za mtu zilitegemea babu na bibi zake wanne. Serikali ilitoa michoro yenye duara nyeupe na nyeusi ili kila karani aweze kuhesabu. Mchoro ulikuwa safi, wazi na rahisi kufahamika. Na usafi huo ndio uliorahisisha dhuluma. Kutoka hapo mtafiti hujifunza kuwa uzuri wa mchoro si dalili ya haki yake.

Ndipo mashine zikaja. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake walianzisha chama cha nasaba huko Utah mwaka 1894, lilitoa mwaka 1984 utaratibu uitwao GEDCOM, ili programu mbalimbali za kompyuta zipate kupeana habari za koo. Ndani yake kila mtu ana rekodi yake, na kila familia ina rekodi yake yenye nafasi ya mume mmoja, mke mmoja na watoto. Msomaji atatambua mara moja maneno matano ya Rivers. Hapana haja ya kudhani kuwa mmoja alimwiga mwingine. Atakaye kuwapima watu wote kwa kipimo kimoja hufika pale pale. Mtoto wa kulea alipewa nafasi humo. Lakini mume mwenye wake watatu hugawanywa katika familia tatu, na wake wenza hawaunganishwi na kiungo chochote, ingawa katika sheria ya Kiislamu fungu lao la mirathi ni moja, nao hulishiriki. Ndugu wa kunyonya hana alama maalumu kabisa. Hivyo mchoro uliokamilika kwa kipimo cha mashine huweza kuwaonyesha wawili kuwa wageni wanaoweza kuoana, ilhali ziwa moja limewafanya maharimu.

Katika miaka ya karibuni watafiti na watu wa kawaida wameanza kutumia njia nyingine: programu za daftari. Asili ya fikra yake ni ya zamani. Mwanazuoni wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi kiasi cha 90,000 zilizoitana kwa namba. Mwaka 1995 Ward Cunningham alianzisha kurasa za kompyuta ambazo msomaji yeyote aliweza kuziandika na kuziunganisha. Programu kama Obsidian, iliyotolewa mwaka 2020, huweka kila daftari kuwa faili nyepesi ya maandishi katika mashine ya mwenyewe. Jina likitiwa ndani ya mabano mawili ya mraba huwa kiungo kinachopeleka ukurasa mwingine, na ukurasa ule wa pili huonyesha wenyewe ni nani wanaoutaja.

Kwa nasaba, utaratibu huu una manufaa matatu. Kwanza, mtu mmoja huwa na ukurasa mmoja, hata akifikiwa kwa njia mbili au tatu. Yule mzee aliyekuwa namba 8 na namba 12 hurudi kuwa mtu mmoja. Pili, uhusiano huandikwa mara moja tu. Ukurasa wa mtoto ukimtaja baba na mama, ukurasa wa mama utawaonyesha wanawe wote bila ya kuandikwa tena. Na jambo lililoandikwa mara moja haliwezi kujipinga. Tatu, aina ya kiungo huchaguliwa na mwandishi. Mtu huweza kuandika mama aliyenyonyesha, mlezi, mke mwenza, somo, au baba mkubwa, kwa maneno ya watu wenyewe. Ndoa nayo yafaa ipewe ukurasa wake, wenye mwaka wake, talaka yake na watoto wake. Na kwa kuwa koo nyingi hurithisha jina la babu kwa mjukuu, Ali bin Said akafuatwa na Said bin Ali na kisha Ali bin Said tena, anwani ya kila ukurasa haina budi kuongezewa mama, mji au mwaka, la sivyo vizazi viwili vitamezwa kuwa kimoja.

Mchoro hutolewa baadaye, kutokana na maandishi. Kazi hiyo hufanywa na programu kama Graphviz, iliyotoka katika maabara ya AT&T huko Marekani, au Mermaid, iliyoanzishwa na Knut Sveidqvist mwaka 2014. Njia ya Graphviz, iliyoelezwa katika makala ya mwaka 1993, ina hatua nne: kuwapanga watu katika safu, kuwahamisha katika safu ili mistari ikatane kwa uchache, kuwapa mahali pao, kisha kuchora mistari. Mashine haijui babu ni nani. Yajua safu na mistari tu. Mjomba akimwoa binti aliye wa safu ya chini, au binamu wakioana, mistari hupindana, na mwandishi hushawishika kukifuta kiungo kimoja ili picha ipendeze. Hapo historia yote iliyotangulia hujirudia katika kioo cha kompyuta: mama huondolewa kwa ajili ya unadhifu. Mwandishi mwaminifu huuacha mchoro uwe mbaya.

Kilicho kikubwa zaidi ni kwamba ukurasa una nafasi ya maneno. Humo huweza kuandikwa ni nani aliyesema, mwaka gani, na ni nani aliyekataa. Laiti karatasi za Wativ zingekuwa na maelezo hayo, baraza lingejua kuwa linasoma neno la wazee fulani wa mwaka fulani, si hukumu ya milele. Mama asiyejulikana naye huweza kupewa ukurasa usio na jina, wenye kiungo cha mwanawe, ili nafasi yake ionekane kuwa tupu na isidhaniwe kuwa haikuwako. Na siri za walio hai, kama zile za watoto wa Mer, huweza kubaki nje ya daftari mpaka wenyewe waridhie. Kwani faili inayonakiliwa kwa mguso mmoja haina mlango wa kubisha hodi.

Hapana programu itakayoyatimiza haya kwa nguvu zake. Rivers aliuliza maneno matano kwa sababu alitaka hayo tu. Barros alimtaja mama wa Ali kwa sababu alisimuliwa naye akaona lafaa kuandikwa. Mashine mpya imeondoa udhuru wa zamani, kwamba karatasi haitoshi. Atakayeandika leo nasaba isiyo na mama, isiyo na mlezi wala mtumwa, hataweza kusema kuwa alikosa nafasi.